Mwanao Hakai Kolkata, Anakaa Serampore

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Binti yangu Rehema yuko mwaka wa pili masomoni India. Watu wakiniuliza, nawaambia yuko Kolkata, lakini mwenyewe akinisikia kwenye simu ananikatiza: 'Mama, si Kolkata, ni Serampore.' Anasema toka kwake hadi stesheni kubwa ya Howrah ni kama nusu saa kwa treni. Sasa huo si ni mtaa wa Kolkata tu? Halafu amenitumia picha ya kanisa la zamani, ananiambia lina alama ya mfalme wa Denmark. Denmark tena? Mimi najua India ilikuwa ya Mwingereza. Nieleze huo mji ni wa nani, ulianzaje, na mbona haujaingizwa Kolkata wakati vimeshikana. Nikimtumia mzigo niandike wapi? Mama Rehema, muuza nafaka na magunia, Tanga."

Marahaba, Mama Rehema. Mwanao yuko sahihi, acha kumbishia. Serampore, ambao Wabengali wenyewe huuita Shrirampur, ni manispaa kamili yenye mipaka yake, kata 29 na madiwani wake. Uko katika Wilaya ya Hooghly, Jimbo la Bengal Magharibi. Kolkata ni wilaya nyingine, ng'ambo ya mto, na kabla hujaufikia huo mto unapita kwanza mji mwingine mkubwa, Howrah. Mfano wa huku kwetu ni mtu anayelala Kibaha na kushinda Kariakoo. Mchana kutwa yuko Dar, lakini diwani wake na kodi ya jengo lake viko Mkoa wa Pwani.

Mfano huo lakini unakwama mahali. Kibaha ya leo imekuzwa na Dar. Serampore ulikuwa mji wa watu, una gavana wake na bendera yake, kwa muda wa miaka 90 kabla haujawa chini ya Mwingereza. Haukuzaliwa na Kolkata. Kolkata ndiyo iliyoufuata, kwanza kwa reli, halafu kwa viwanda vya ile bidhaa unayoikalia kila siku hapo dukani kwako: gunia.

Tuanze na mto, maana bila mto hutaelewa kwa nini miji ya huko imebanana namna ile. Hooghly ni mkono mmojawapo wa mto mkubwa wa Ganga, unashuka kusini kuelekea Ghuba ya Bengal. Mto wa mafuriko ukifurika, tope zito hutua kwanza ukingoni na maji mepesi ndiyo yanayosambaa mbali. Miaka elfu na zaidi ya mtindo huo imefanya kingo za mto ziwe juu kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Ukitoka majini upande wa magharibi, alipo Rehema, unapanda kidogo, unakuta ardhi kavu, kisha unashuka taratibu bila kujijua mpaka kwenye mabonde ya majimaji ya Dankuni. Watu wa zamani hawakuwa wajinga, walijenga pale juu. Ndiyo maana miji yote imejipanga kandokando ya mto kama shanga kwenye uzi, mirefu kutoka kaskazini kwenda kusini na myembamba kutoka mashariki kwenda magharibi.

Ukiukata Serampore kwa kisu toka mtoni, utapata vipande hivi: ngazi za kushukia majini, ambazo huko huitwa ghat, pamoja na majumba ya kale na viwanda; halafu barabara kuu ya zamani ya Grand Trunk; halafu reli; halafu ng'ambo ya reli mitaa mipya zaidi iliyosogea kwenye ardhi ya chini. Mvua zao kubwa ni Juni hadi Septemba. Muulize Rehema amepanga upande gani wa reli. Akisema magharibi, mnunulie viatu vya mvua.

Kitu kimoja kitakachokufurahisha wewe mtu wa Tanga: ingawa bahari iko mbali, zaidi ya kilomita mia, maji ya pale hujaa na kupwa. Ukikaa kwenye ghat asubuhi unaona takataka na magugumaji yanashuka na mkondo, ukirudi mchana yaleyale yanapandishwa kurudi yalikotoka. Manahodha wa vivuko vya kwenda Barrackpore, mji wa ng'ambo, hawaelekezi chombo moja kwa moja kwenye gati. Wanakielekeza juu ya gati au chini yake kulingana na saa, na maji yenyewe yanakimalizia safari.

Maji hayo ndiyo yaliyowaleta wageni. Katika kipande cha mto kisichofika kilomita 60, Wareno walikaa Bandel, Waholanzi wakakaa Chinsurah, Wafaransa Chandannagar, Waingereza Kolkata. Wadenmark walichelewa. Walikuwa na bandari yao kusini mwa India, Tranquebar, tangu 1620, na huku Bengal walishajaribu mara moja wakashindwa. Mwaka 1755 wakapata kibali cha Nawabu Alivardi Khan, mtawala wa Bengal, wakachukua vipande vya ardhi katika vijiji vya Sripur na Akna na kulipa kodi kila mwaka kwa zamindari wa Sheoraphuli, yaani mwenye ardhi wa eneo lile. Zingatia hapo: walikuwa wapangaji. Mji wakaubatiza Frederiksnagore, kwa heshima ya mfalme wao Frederik wa Tano. Jina hilo lilibaki kwenye makaratasi. Wenyeji walikuwa na Sripur yao na hekalu la Rama, mungu wa Kihindu, lililojengwa na zamindari huyohuyo miaka michache tu kabla, wakasema Shrirampur, na ndilo lililoshinda.

Denmark ilikuwa nchi ndogo na biashara yake pale haikuwa kubwa kwa nguvu zake yenyewe. Neema yake ilitoka kwenye ugomvi wa wakubwa. Kila Mwingereza na Mfaransa walipopigana, bahari ilikuwa hatari kwa meli zao, na meli yenye bendera ya Denmark, isiyo upande wowote, ilipita salama. Tena watumishi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki waliokuwa wamejitajirisha kwa njia wasizotaka kuzieleza London walihitaji mlango wa nyuma wa kupeleka fedha nyumbani. Mlango ulikuwa Serampore. Na waliofilisika Kolkata nao, wakiandamwa na wadai, walivuka mpaka wakaingia kwa Wadenmark ambako askari wa Kolkata hana amri. Gavana Ole Bie, aliyekuwepo toka 1776 hadi alipofariki 1805, ndiye aliyeusimamia mji enzi hizo za utamu, na barabara na majengo mengi ya kando ya mto ni ya wakati wake.

Kanisa kwenye picha ya Rehema ni la Mtakatifu Olav, lilijengwa kati ya 1800 na 1806. Mwambie apige picha nyingine akiwa karibu, aelekeze simu juu ya nguzo za mbele: ataona herufi za Mfalme Christian wa Saba zimefumwa pamoja chini ya taji. Miongoni mwa waliochanga fedha za ujenzi alikuwa Lord Wellesley, gavana mkuu wa Waingereza, na hakuchanga kwa ucha Mungu tu. Bustani yake ilikuwa Barrackpore, mkabala kabisa na hapo, na alitaka mnara wa kupendezesha upeo wa macho akitazama mtoni. Kanisa lilikuja kuchakaa vibaya. Likakarabatiwa kwa ushirikiano na Jumba la Makumbusho la Taifa la Denmark, na mwaka 2016 likapata tuzo ya UNESCO ya Asia na Pasifiki ya uhifadhi. Jirani yake kuna nyumba ya wageni ya mwaka 1786, nayo imefufuliwa na ilifunguliwa tena 2018. Pana chai nzuri pale, ila bei yake ni ya watalii.

Kwa wasomi, sifa kubwa ya mji huu ni uchapaji. Kampuni ya Waingereza haikutaka wamisionari katika maeneo yake, ikihofia wataudhi wenyeji na kuharibu biashara. William Carey, fundi viatu wa Kiingereza aliyegeuka mhubiri, alikuwa amefika Bengal 1793 na kuhangaika huku na huko. Januari 1800 akahamia Serampore, akaungana na wenzake Joshua Marshman na William Ward chini ya ulinzi wa Wadenmark. Wakafunga mtambo wa kuchapa. Mwaka 1801 Agano Jipya la Kibengali lilikuwa tayari. Herufi za chuma zilichongwa na Mbengali, Panchanan Karmakar, fundi wa ukoo wa wahunzi, na jina lake nalitaja makusudi maana vitabu vingi humpa Carey sifa zote. Karatasi za kununua zililiwa na mchwa na wadudu, basi wakajitengenezea za kwao, na 1820 wakaleta injini ya mvuke kuendeshea kinu cha karatasi. Watu walisafiri toka mbali kuja kuutazama huo "mtambo wa moto". Mei 1818 ndipo lilipotoka gazeti la Kibengali Samachar Darpan, na mwaka huohuo wakaanzisha chuo. Hati ya mfalme wa Denmark ya 1827 ikakipa chuo mamlaka ya kutoa shahada. Mpaka leo vyuo vingi vya theolojia India hutoa shahada zao kwa jina la Serampore, kwa nguvu ya karatasi ya mfalme ambaye nchi yake iliondoka zamani.

Iliondoka vipi? Vita vya Napoleon viliiingiza Denmark upande wa maadui wa Uingereza. Mji ukatwaliwa kwa muda mfupi 1801, ukatwaliwa tena 1808 na kushikiliwa hadi 1815. Uliporudishwa biashara ilikuwa imekufa, na nguo za viwanda vya Uingereza zilikuwa zimewaua wafumaji wa Bengal. Mwaka 1845 Denmark ikauza Serampore na Tranquebar kwa Kampuni ya Waingereza kwa rupia milioni moja na robo. Hakuna risasi iliyolia, ni kama kuuza shamba lisilozaa.

Sasa tunafika kwenye swali lako kuu. Mambo matatu yalifuatana ndani ya miaka 11. Agosti 15, 1854 treni ya kwanza ya upande ule wa India ilitoka Howrah kwenda Hooghly, ikipitia Serampore. Mwaka 1855 kiwanda cha kwanza cha kusokota juti kwa mashine kikafunguliwa Rishra, kijiji cha jirani upande wa kusini, kwa mitambo iliyotoka Dundee, Scotland. Na 1865 manispaa ya Serampore ikaundwa, Rishra na Konnagar zikiwa ndani yake.

Juti ni mmea wa Bengal, shina lake hulowekwa majini likaoza, nyuzi zikachunwa. Ni ndugu wa mkonge wako kwa kazi, lakini laini zaidi. Kahawa ya Brazil, ngano ya Marekani, mchanga wa mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, vyote viliingia kwenye magunia ya kingo za Hooghly. Hata neno letu gunia asili yake ni huko Bara Hindi. Serampore penyewe kiwanda kikaja 1866. Wabengali hawakutosha, au hawakutaka kazi ile, wakaletwa watu toka Bihar, Orissa na majimbo ya kaskazini, wakajazwa kwenye safu za vibanda nyuma ya viwanda. Sensa ya 1872 ilihesabu Serampore watu 24,440, ya 1901 ikahesabu 44,451. Rehema akitembea kando ya mto atasikia Kihindi na Kiurdu kuliko Kibengali, na sababu ni hiyo.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mji kugawanyika. Viwanda vilitaka maji, mifereji na barabara mlangoni pao, wenye nyumba wa mjini walitaka kodi yao itumike mjini. Mameneja wa Kizungu wa viwanda waliingia katika mabaraza ya miji hii, na mara nyingi waliona afadhali wawe na manispaa ndogo wanayoiweza kuliko kubwa wasiyoiweza. Rishra na Konnagar zikatoka Serampore 1915 zikawa manispaa moja, nazo zikaachana 1944. Kaskazini, Baidyabati ilishajitenga zamani, kisha Champdany ikazaliwa 1917. Panda treni ya kawaida pale Howrah uhesabu: Bally, Uttarpara, Konnagar, Rishra, Serampore, Baidyabati, Bhadreswar, Chandannagar. Karibu kila stesheni ni manispaa. Dakika nne, simama, manispaa nyingine. Dirishani huoni mpaka wowote, ni ukuta wa nyumba na nguo zimeanikwa. Jambo la kukuonyesha umevuka ni rangi ya vibao vya maji na magari ya taka.

(Kati ya Uttarpara na Konnagar utapita stesheni inaitwa Hind Motor. Ni ya kiwanda kilichotengeneza gari aina ya Ambassador, ile teksi ya tumbo kubwa ya Kolkata. Kilifungwa 2014. Stesheni inaendelea na jina la gari ambalo halitengenezwi tena.)

Mbona haziunganishwi? Kwanza wilaya ni tofauti, na mto uko katikati. Pili, kila manispaa ina uchaguzi wake, madiwani wanamchagua mwenyekiti, na hakuna mwenyekiti ninayemjua duniani anayeomba kiti chake kifutwe. Tatu, mambo makubwa yanayovuka mipaka, kama barabara kuu, mabomba na mipango ya ardhi, yamepewa mamlaka moja ya maendeleo ya Kolkata Kuu iliyoundwa 1970. Kwa hiyo Serampore ni sehemu ya jiji kwenye ramani ya mipango, na ni mji wake mwenyewe kwenye risiti ya kodi. Na kuunganisha kumejaribiwa jirani: mwaka 2015 Bally iliingizwa Howrah, na 2021 bunge la jimbo likapitisha muswada wa kuitenga tena. Mimi siwalaumu. Mtu akizibwa mfereji anataka diwani anayemjua nyumbani kwake, na Serampore, wenye zaidi ya watu 180,000 kwa sensa ya 2011, si mdogo kiasi cha kushindwa kujizolea taka.

Kilichoupiga mji huu kwa kweli ni mwaka 1947. India ilipogawanywa, mashamba mengi ya juti yaliangukia Pakistan Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh, na viwanda vikabaki Hooghly. Ni kama mkonge ungebaki nchi moja na korona za kuusindika nchi nyingine. Wakulima wa Bengal Magharibi walihamia juti haraka, lakini kwa mji uzito mkubwa ulikuwa wakimbizi wa Kihindu waliomiminika toka ng'ambo ya mpaka mpya, wakajenga hasa kwenye ile ardhi ya chini magharibi ya reli. Desemba 1957 treni za umeme zilianza toka Howrah hadi Sheoraphuli, stesheni moja baada ya Serampore, na hapo ndipo mji ukawa kweli wa watu wa kwenda na kurudi: makarani, walimu, wanafunzi kama Rehema. Kisha zikaja salfeti za plastiki, unazijua, zilivyolifanya gunia la nyuzi lionekane ghali. Serikali ya India ikatunga sheria mwaka 1987 inayolazimisha baadhi ya bidhaa, hasa nafaka na sukari, zifungwe kwenye magunia ya juti. Sheria hiyo ndiyo inayopumulisha viwanda vilivyobaki. Vinafungwa, vinafunguliwa, vinafungwa tena.

Mwambie Rehema asikose siku moja ya Juni au Julai, sikukuu ya gari la Jagannath, mungu wa Kihindu, mtaa wa Mahesh, ambao uko ndani ya manispaa yake. Husemwa ilianza 1396, karne tatu na nusu kabla Mdenmark hajatia mguu, na kwa ukongwe inatajwa ya pili India baada ya ile ya mji wa Puri. Gari la sasa ni la chuma, la 1885, lina magurudumu 12 na urefu wa ghorofa nne hivi. Linavutwa kwa kamba nene kama paja katikati ya barabara ya Grand Trunk, watu maelfu, na likianza kutembea husikii honi wala muziki, unasikia chuma kinasaga lami. Asimame kwenye kibaraza cha mtu. Asisimame barabarani.

Mzigo usiandike Kolkata. Andika jina lake, namba ya nyumba (watamwambia "holding", ndiyo namba ya manispaa ya kulipia kodi), jina la mtaa, Serampore, Hooghly, West Bengal, 712201. Namba za posta za Kolkata huanza na 700 na za kwao huanza na 712. Ukiandika mji mmoja na namba ya mwingine, kifurushi kitakaa Kolkata kinasubiri mtu wa kukifikiria.

Na kama unatuma dagaa, funga mara mbili.